Gofu la kale ndani ya ardhi ya kijiji: kamati yetu ina mamlaka gani?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja cha mwambao, Wilaya ya Kilwa. Kijijini kwetu kuna msikiti wa kale uliobaki kuta na mihrabu, pamoja na makaburi ya mawe, mengine yenye minara. Watu wanachukua mawe kujengea nyumba zao, kuna mtu ameandika barua akiomba eneo la hoteli karibu na pwani hiyo, na wageni huletwa na waongozaji kutoka mjini, hupiga picha na kuondoka bila kijiji kupata chochote. Tumeunda kamati ya kulinda mahali hapo na tumepata fedha kidogo za michango ambazo wenzangu wanataka zinunue saruji ya kukarabati kuta. Afisa mmoja ametuambia kwamba mambo ya kale si kazi ya kijiji. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Mjumbe, afisa huyo amekueleza nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo mnayoihitaji. Ni kweli kwamba jengo lenyewe linalindwa na sheria ya nchi, ambayo kamati ya kijiji haiwezi kuibadili wala kuitekeleza ipendavyo. Lakini ardhi ambayo gofu limesimama juu yake, njia inayofika hapo, mashamba yanayolikaribia, nyumba zinazojengwa jirani na wageni wanaopita ni mambo yaliyo mikononi mwenu, na katika miaka yote niliyofanya kazi hii nimeona magofu mengi zaidi yakiharibika kutokana na mambo hayo ya pembeni kuliko kutokana na kasoro ya sheria ya malikale.

Tuanze na sheria hiyo ili mipaka iwe wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863, hata kama halijawahi kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na hata kama hakuna kibao wala mlinzi. Msikiti wenu, kwa jinsi unavyoueleza, umo ndani ya kinga hiyo tangu zamani. Milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 nazo zinalindwa. Majengo ya baadaye, kama yale ya enzi ya Wajerumani yanayobomoka pale Kilwa Kivinje, hayapati kinga kwa umri wake peke yake. Hayo huhitaji tangazo la Waziri, na kwa hiyo kijiji au mji mdogo wenye majengo ya namna hiyo una kazi ya ziada ya kuomba tangazo hilo. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa, na anayeokota au kufukua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Nalitaja hili kwa sababu katika mwambao wetu bado wapo watu wanaochimba makaburi usiku wakiamini kuna hazina, na kamati za vijiji hudhani kwamba hilo ni suala la imani tu ambalo halina pa kupelekwa. Lina pa kupelekwa: ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, kituo cha polisi, na Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii.

Kwa hiyo kamati yenu haiwezi kubomoa, kuchimba, kujenga upya wala kumruhusu mtu mwingine afanye hivyo. Mengine yote nitakayoyaeleza yanaanzia hapo.

Jambo la kwanza lenye uzito ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yule aliyeandika barua ya hoteli, awe raia au mgeni, hawezi kupewa eneo kwa saini ya mwenyekiti na mtendaji peke yao. Ikiwa ardhi hiyo itatakiwa kuhamishwa kutoka kuwa ardhi ya kijiji ili itolewe kwa uwekezaji, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua kukubali au kukataa baada ya kupokea mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Eneo likizidi hapo uamuzi huwa wa Waziri, lakini bado maoni ya mkutano lazima yawepo. Aidha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari pale zinapoweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo, na mradi wa hoteli unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambamo wanakijiji wana haki ya kusikilizwa. Siwashauri mkatae hoteli. Nawashauri barua hiyo isijibiwe na mtu mmoja, na jibu lisitoke kabla mpaka wa eneo la magofu haujachorwa na kupitishwa na mkutano mkuu, kwa sababu mpaka unaochorwa baada ya mwekezaji kufika hugeuka kuwa mgogoro naye, ilhali mpaka aliokuta umekwisha kupitishwa huwa ni sehemu ya masharti aliyoyaona tangu siku ya kwanza.

Mpaka huo uwekwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Sheria ya mwaka 2007 ya mipango ya matumizi ya ardhi inakipa kijiji nafasi ya kutenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho na hifadhi, na hakuna kinachozuia eneo la msikiti, makaburi na kingo zake kutengwa kama eneo la hifadhi ya urithi wa kijiji. Kama kijiji chenu kina mpango tayari, ombeni upitiwe upya. Kama hakina, wilaya ina timu ya wataalamu inayoshirikishwa katika kuuandaa. Wakati wa kupima, msiishie kwenye ukuta wa mwisho unaoonekana. Mji wa kale wa mwambao ulikuwa na visima, majaa, misingi ya nyumba za miti na udongo na njia za kushukia bandarini, na vingi kati ya hivyo viko chini ya mashamba yanayolimwa leo. Pale mnapoona vigae vimetapakaa juu ya ardhi, mji ulifika hapo.

Kilwa yenyewe ina mfano ambao ningependa wenzako waufikirie kwa makini. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hapo pana Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, na Husuni Kubwa, kasri lililojengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, muda mfupi kabla msafiri wa Kimoroko Ibn Battuta hajafika Kilwa mwaka 1331. Pamoja na heshima yote hiyo, mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka, mizizi ilikuwa inapasua mawe na bahari ilikuwa inamega ukingo. Yaliondolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka ambayo wanakijiji walikuwa ndani yake: mafundi wa hapo hapo walifundishwa kufanya kazi kwa chokaa, mikoko ilipandwa ukingoni, na kamati za magofu za wananchi zilishirikishwa katika ulinzi. Cheo cha kimataifa kilileta wataalamu na fedha, lakini hakikuweza kumzuia mtu kulisha mbuzi ndani ya kasri. Hilo liliwezekana kwa makubaliano ya watu wanaoishi pale.

Sasa tuje kwenye chombo ambacho kamati nyingi hukisahau, nacho ni sheria ndogo. Azimio lililoandikwa kwenye kitabu cha mihtasari kwamba «ni marufuku kuchukua mawe» halimfungi mtu. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kisheria, kupitia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kutunga sheria ndogo: rasimu huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu ili wananchi watoe maoni, hupitishwa na halmashauri ya kijiji, kisha hupelekwa wilayani na kuidhinishwa na Baraza la Madiwani. Kwa kawaida hupita kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya, na ni vizuri mkaonana na mwanasheria huyo mapema, kwa kuwa rasimu nyingi hurudishwa kwa sababu ndogo, kama vile faini isiyolingana na sheria mama au kifungu kinachogongana na mamlaka ya idara nyingine. Mikoko ni mfano mzuri: misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali inayosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo sheria ndogo yenu haiwezi kugawa vibali vya kukata boriti, inaweza tu kueleza wajibu wa wanakijiji katika kuilinda na namna ya kutoa taarifa.

Katika rasimu hiyo muwe mahususi. Andikeni kwamba ni kosa kuondoa jiwe, tofali, kigae au lipu kutoka eneo lililotajwa. Kwamba haruhusiwi mtu kujenga tanuri la chokaa ndani ya umbali mtakaokubaliana. Kwamba mifugo haifungwi wala kuchungwa ndani ya kuta. Tanuri nimelitaja kwa makusudi. Mawe ya magofu yetu ni matumbawe, na matumbawe ndiyo malighafi ya chokaa. Mchomaji anayeona rundo la mawe makavu, yaliyokwisha kukatwa na kusogezwa karibu na njia, huona urahisi wa kazi, na mara nyingi hajui kwamba kipande alichokitupa juu ya kuni ni cha upinde wa mihrabu. Vipande vya namna hiyo hujulikana kwa kuvishika: ukuta wa kawaida ulijengwa kwa mawe magumu yasiyo na umbo maalumu, lakini mihrabu na mizingo ya milango ilichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, nayo huwa mepesi, yenye vitundu vidogo sana na kingo zilizonyooka. Kila mjumbe wa kamati yenu ajifunze kuvitambua.

Vilevile wekeni kifungu kinacholinda haki za watu waliokuwapo kabla ya kamati. Makaburi hayo huenda yana koo zinazoyatunza, zinazokwenda kuzuru, kusoma dua au kufanya tambiko. Kamati inayofunga eneo kwa uzio na kumtoza mjukuu kiingilio ili azuru kaburi la babu yake inajitengenezea maadui katika watu ambao, bila mshahara wala kitambulisho, ndio waliolinda mahali hapo kwa vizazi. Ningependa kuona wawakilishi wa koo hizo na imamu wa msikiti wa sasa wakiwa wajumbe wa kamati, na wanawake wakiwa zaidi ya mmoja aliyewekwa kutimiza sharti, kwa kuwa njia za kwenda kisimani na pwani, ambazo mara nyingi hupita katikati ya magofu, wao ndio wanaozitumia kila siku.

Kuhusu hadhi ya kamati yenyewe, hakikisheni imezaliwa kihalali. Kamati ambayo watu wameikubali barazani haina miguu ya kisheria hadi halmashauri ya kijiji iiunde kwa azimio, iitaje kuwa chini ya kamati ipi ya kudumu, na mihtasari yake iwe inawasilishwa kwenye vikao vya halmashauri ya kijiji na taarifa zake kusomwa kwenye mkutano mkuu, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wa vijiji waliopo sasa walichaguliwa Novemba 2024 na muda wao una mwisho. Kamati iliyosimama juu ya urafiki wa viongozi hao itaondoka nao, lakini sheria ndogo na mpango wa ardhi vitabaki. Kama mnataka kuona jinsi jambo hili linavyofanya kazi, hamhitaji kusafiri mbali. Vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya yenu hiyo hiyo, vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vikaweka mipaka, mpango wa usimamizi, sheria ndogo na kamati ya maliasili, na mwaka 2009 vikapata hati ya FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa misitu inayosimamiwa na jamii, hata mpingo wao ukauzwa kwa masharti yao. Sheria ya magofu si sawa na sheria ya misitu, na faida zake hazifanani, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule, na wajumbe wa kamati za vijiji hivyo watawaeleza mambo ambayo hakuna afisa atakayewaeleza, hasa namna ya kushughulika na jirani anayevunja sheria ndogo akiwa ni shemeji wa mwenyekiti.

Kuhusu saruji, naomba uwasomee wenzako sehemu hii kabla fedha hazijatumika. Msinunue saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: hunyonya unyevu wa ardhini na wa baharini na kuutoa tena kupitia kiungio chake laini. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huzuia unyevu usitoke, kwa hiyo maji yenye chumvi hubaki nyuma yake, chumvi ikikauka huganda na kuvimba ndani ya vitundu vya jiwe, na baada ya misimu michache lipu hiyo mpya hubanduka kama ganda ikiwa imeshikamana na uso wa jiwe la kale. Nimesimama mbele ya mihrabu iliyokarabatiwa kwa nia njema kabisa na waumini waliochangishana, na ndani ya ganda lililoanguka chini maua yaliyochongwa karne nyingi zilizopita yalikuwa bado yanaonekana, yamegeuzwa kichwa chini, yamenasa kwenye saruji. Hilo halirekebishiki. Ukarabati wowote utahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale na fundi anayejua chokaa, na Kilwa, kwa bahati, ni miongoni mwa sehemu chache nchini zenye mafundi waliofundishwa kazi hiyo.

Fedha zenu zitumieni kwa kazi isiyogusa ukuta: kufyeka nyasi na vichaka kwa mkono, bila moto na bila kung'oa mti ambao mizizi yake imeshika mawe, kwa sababu ukiung'oa utaondoka na ukuta, mti wa namna hiyo hukatwa usawa wa shina na kuachwa ufe taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu. Kisha andaeni daftari la kumbukumbu. Pigeni picha ya kila ukuta na kila kaburi kwa simu, mkisimamisha kijiti cha mita moja pembeni ili ukubwa ujulikane, na mwandike tarehe. Kwenye makaburi yenye minara tazameni mashimo ya duara: humo ndimo zilimopachikwa bakuli za Kichina, kama zilivyokuwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, na nyingi zimeng'olewa na kuuzwa. Hesabuni mashimo yaliyo matupu na bakuli zilizobaki, hata kama ni vipande. Siku bakuli moja ikitoweka, daftari hilo litakuwa ushahidi mbele ya polisi, na bila hilo mtakuwa na malalamiko tu.

Mapato ya wageni nitayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa watu hutarajia makubwa mno mwanzoni. Kwenye maeneo yenye mamlaka ya usimamizi, kama Kilwa Kisiwani iliyo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kiingilio ni cha mamlaka hiyo. Kwenu, ambako hakuna mamlaka ya namna hiyo, ada inaweza kuwekwa kwa sheria ndogo iliyoidhinishwa, ikapokelewa kwa stakabadhi halali ya serikali na kusomwa kwenye mkutano mkuu. Ada inayotozwa mkononi na kijana anayekaa chini ya mwembe itawafukuza wageni na kuwagombanisha ninyi kwa ninyi. Kazi ya uongozaji wa watalii inahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, hivyo zungumzeni na Afisa Utalii wa wilaya kuhusu vijana wachache wafundishwe na kusajiliwa, na sheria ndogo iseme kwamba kila kundi la wageni liandamane na mwenyeji aliyeandikishwa kijijini. Kwa maoni yangu, kipato cha uhakika zaidi kitatoka kwenye chakula, mashua na ukili, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya kwa shughuli hizo.

Ngazi ya wilaya msiiache kwa afisa mmoja. Suala lenu lina mlango katika Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ya Baraza la Madiwani, ambayo kwa Sheria ya Mazingira ndiyo pia kamati ya usimamizi wa mazingira ya halmashauri, na diwani wenu ana haki ya kuliingiza kwenye ajenda. Msimpelekee ombi la jumla la «kusaidiwa». Mpelekeeni mambo matatu yanayoweza kuamuliwa kwa kura: kupimwa kwa mpaka wa eneo, kuidhinishwa kwa sheria ndogo, na ziara ya mtaalamu wa Idara ya Mambo ya Kale itakayokagua kuta na kuziandikia taarifa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya vijiji inayoibuliwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi litakalofika kwenye kata baada ya mwaka mpya wa Januari litajibiwa kwamba bajeti imekwisha kufungwa. Kwa hiyo liingizeni kwenye mkutano mkuu wenu ujao, pamoja na barua ya hoteli, mkiwa na ramani ya mkono ya eneo na picha za daftari lenu, na muhtasari uliosainiwa upelekwe kwa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala nyingine ikibaki kijijini na muhuri wa kupokelewa juu yake.